Mkono Uliopakwa Ndimu

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, haitoki mkononi kwa sabuni. Sugua utakavyo, maliza kipande kizima cha sabuni ya kufulia, ukishika shavu lako harufu iko pale pale, imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nilizaliwa kule juu, upande wa Kehancha, kwenye tumbaku, mahindi na ng'ombe, na samaki nilimjua akiwa tayari kwenye sahani. Nilipoolewa Karungu na kuanza kuanika omena pamoja na wanawake wa ufuoni, kitu cha kwanza nilichogombana nacho si mume wala mkwe. Ni mikono yangu mwenyewe.

Ndimu ndiyo iliyoniokoa. Kila mwanamke wa pale anajua kwamba ukimaliza kazi ya samaki unakata ndimu, unajisugua, kisha unasuuza. Mimi nilienda mbele zaidi yao. Niligundua, au nilijiambia nimegundua, kwamba ukisuuza harufu inarudi, lakini ukiacha maji ya ndimu yakaukie kwenye ngozi, inakwisha kabisa. Basi nikawa sisuuzi. Jirani zangu walinicheka, wakasema nyar Kuria, yaani binti wa Kikuria, anajikaanga kabla ya kuliwa. Niliwaacha wacheke. Jumapili nilikaa kanisani katikati yao nikinukia mti wa ndimu, wao wakinukia ziwa.

Na sikuishia mikononi. Nilikuwa na chunusi za kidevuni tangu usichana, na ndimu ilizikausha kuliko mafuta yoyote niliyowahi kununua sokoni. Uso uliacha kung'aa mafuta mchana. Makwapa yalitulia. Kuna mama mmoja aliyeuza sabuni ufuoni ambaye aliapa kwamba ndimu inang'arisha ngozi, inaondoa madoa, inamfanya mtu awe maji ya kunde, na mimi nilimwamini kwa sababu madoa ya chunusi kweli yalififia. Jambo ambalo sikulitilia maanani ni kwamba mengine yalikuwa yanakuja. Nilikuwa na mstari mweusi shingoni niliodhani umeletwa na mkufu wa bei rahisi. Nilikuwa na mabaka ya kahawia migongoni mwa mikono niliyoyalaumu jua na magamba ya samaki. Mti mzuri ukikufaa mahali pamoja, huuulizi unakufanya nini mahali pengine.

Niseme sasa nilikuwa nani katika nyumba ile. Nilikuwa mke wa pili kwa mtu ambaye wa kwanza alikuwa amefariki. Mume wangu ni fundi wa injini za mashua, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa iliyoingiwa na oili hadi kwenye kucha. Mke wake alikuwa amemwachia binti mdogo, na binti huyo nilimkuta akitambaa. Nilimfundisha kutembea. Nilimfunza kusema "maji" na "jua" na "hapana," hasa hapana. Wakati wa mambo haya alikuwa karibu kufika umri wa kupelekwa nasari, na alikuwa ameanza kuniita Mama bila kuambiwa na mtu. Hakuna kitu nilichokuwa nacho Karungu ambacho nilikipenda zaidi ya neno hilo.

Bibi yake, mama wa marehemu, aliishi Kosele, akiuza njugu na viazi vitamu sokoni. Mtoto alimwita Dani, kama watoto wa huko wanavyoita bibi zao. Mimi nilimwita Mama, kwa heshima, na tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa bado kinachechemea na Kikuria chake hakikuwepo kabisa. Hakunichukia. Lakini kila alipokuja alimvua mtoto nguo na kumwogesha mwenyewe, na nilijua anachotafuta. Alikuwa akitafuta alama. Mama wa kambo ana sifa moja tu duniani, na yeye alikuwa akingojea nioneshe yangu.

Siku yenyewe alikuja kupitia Ndhiwa na kufika wakati jua limesimama juu ya vichwa. Nilikuwa nimepika ngege wa kuchemsha, samaki mnono, na nikakamulia ndimu juu yake mpaka maji yakanitiririka kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Mume wangu hakula nasi. Kwa Wajaluo mtu na mama wa mkewe huheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni wakibishana, na kifo cha mke hakikuiondoa heshima hiyo. Alimsalimia kwa mbali, akarudi kwenye injini zake.

Tulikula kwa mkono, mimi na yule mama. Alipomaliza alinusa vidole akakunja uso.

"Yawa! Hii samaki yenu inakwama kwa mkono."

"Chukua ndimu, Mama," nikamwambia, na kumpa nusu. "Jisugue vizuri, halafu usisuuze. Acha ikauke yenyewe. Ukisuuza inarudi."

"Usisuuze?"

"Usisuuze. Mimi hufanya hivyo kila siku."

Alijisugua mikono yote miwili kwa bidii, viganja, vidole, hata kile kidole chake cha pete cha kushoto kilichoishia kifundo cha katikati tangu mashine ya kusaga mahindi ilipokikata alipokuwa msichana. Mikono ilikuwa ingali imelowa alipotoka mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye beseni pale nje, anarusha maji, amevaa chupi tu. Bibi yake alimnyanyua akiwa amelowa hivyo, akamweka begani, akamwimbia, akamzungusha. Alimkagua mgongo, miguu, mapaja. Hakukuta kitu. Nilimwona akipumua kama mtu aliyetua mzigo, na nilifurahi, na pia niliudhika. Akamshusha, na mtoto akakimbilia mchangani penye nyavu za omena, mgongo wazi, akacheza na wenzake juani alasiri nzima huku mimi nikigeuza samaki. Bibi alikaa kivulini kidogo, akaondoka mapema ili asikose gari.

Kesho yake mtoto hakuwa na kitu. Siku iliyofuata, nilipokuwa namvua nguo nimwogeshe, alipiga kelele kabla maji hayajamgusa. Nilimgeuza.

Upande wa kushoto wa mgongo wake kulikuwa na mkono.

Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Vidole vinne vyekundu, vimevimba, vina malengelenge madogo madogo juu yake, vimetandazwa kutoka karibu na uti wa mgongo kwenda ubavuni, na chini ya kwapa doa la kidole gumba. Ilikuwa kama mtu ametia kiganja chake motoni kisha akambana mtoto nacho. Nilikaa chini kwenye udongo wenye maji na kumshika mtoto mikono.

"Nani amekuchapa? Mwambie Mama. Nani amekushika hapa?"

"Hakuna."

"Umechomwa na nini?"

"Inawasha," alisema, na hilo ndilo nililoweza kupata kwake.

Nilimpeleka zahanati nikiwa nimemfunika kwa leso nyepesi. Daktari wa pale ni mwanamke kijana, ana haraka, si mtu mbaya. Alimtazama mtoto mgongo kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, wewe ni mama yake wa kumzaa?"

"Ni mimi ninayemlea."

"Sijauliza hivyo."

Hasira zangu ziko karibu sana, hazihitaji kuitwa mara mbili. Lakini pale ziligoma kutoka. Nilijibu kwa sauti ndogo kwamba mama yake alifariki. Akaandika. Akauliza nani mwingine anaishi ndani ya nyumba. Nikasema baba yake. Akaandika. Akampaka mtoto dawa nyeupe, akanipa iliyobaki, akaniambia kwamba alama kama hiyo hawezi kuinyamazia. Lazima amwambie naibu wa chifu na watu wanaoshughulika na watoto, ndiyo sheria.

"Mimi sisemi ni wewe," alisema. "Nasema hiyo ni mkono ya mtu mzima."

Na hapo ndipo nilipoingiwa na kitu kibaya kuliko woga wa sheria. Kwa sababu mimi nilijua si mimi. Na nyumbani kwetu kulikuwa na watu wazima wawili tu.

Mume wangu alirudi jioni, akamwona mtoto akilala kifudifudi. Alimfunua mgongo. Nilimtazama uso wakati huo wote. Nilitafuta mshtuko wa uongo na sikuuona, lakini mtu anayeogopa huona anachotaka. Naye akaninyanyulia macho, na nikaona kwamba anatafuta kitu kile kile kwangu.

"Ulimshika na nini?" akauliza.

"Mimi? Ulimshika wewe."

"Nauliza tu."

"Basi uliza vizuri."

Alikula ugali wake akiangalia ukuta. Mimi nilitazama mikono yake mikubwa ikimega matonge, ile mikono ambayo hushika vyuma vya moto mchana kutwa, na nikajichukia kwa mawazo yangu, na nikaendelea kuyawaza. Mtoto nilimlaza upande wangu. Ukiwa na mashaka na mtu unayempenda, hata kikohozi chake unakipima. Niliishi hivyo na yeye aliishi hivyo, kila mmoja akimkwepa mwenzake mlangoni na kukimbilia kumnyanyua mtoto kabla mwingine hajamfikia.

Habari za ufuoni hazihitaji bando. Kabla naibu wa chifu hajaja, Kosele walikuwa wameshajua. Simu ikapigwa, si kwangu, kwa dada ya mume wangu: Mama anakuja mwisho wa wiki na naibu wa chifu awepo. Nguo za mtoto ziwekwe tayari. Mtoto anaenda kwa bibi yake, na mambo mengine yataongewa akiwa huko salama.

Nilisikia maneno hayo nikiwa naosha vyombo. Sufuria ikaniponyoka. Nilipoinama kuiokota, ndipo nikaona mkono wangu mwenyewe.

Kutoka kifundo cha mkono kwenda kwenye kiwiko kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, wenye malengelenge, uliokwenda ukipinda kama njia ya maji. Nilikuwa nimeuhisi ukiwasha nikadhani ni mafuta yamenirukia. Lakini sikuwa nimekaanga chochote wiki ile. Niliuweka karibu na macho. Rangi ni ile ile. Malengelenge ni yale yale. Na njia ile niliijua: ndiyo njia iliyopitwa na maji ya ndimu nilipokuwa nakamulia ngege, siku ile aliyokuja bibi, kabla sijatoka kwenda kugeuza omena juani.

Nilikumbuka mstari wa shingoni. Nilikumbuka jirani yangu mmoja aliyewahi kutokewa na madoa kama hayo mdomoni baada ya kunyonya ndimu ufuoni, tukamtania wiki nzima kwamba mume wake ana meno. Vyote hivyo nilikuwa navyo machoni siku zote na sikuwahi kuviunganisha.

Furaha ikanipanda, kisha ikakatika. Kwa sababu kama ni ndimu, basi huo mkono ni wangu. Nani mwingine nyumbani hutembea na ndimu mbichi mkononi? Mume wangu hunukia dizeli, ndimu haijui. Ina maana nilimshika mtoto wangu na kumchoma bila kujua. Lakini afadhali hivyo. Kumchoma bila kujua ni jambo linaloelezeka. Tatizo ni kwamba maelezo yangu yalikuwa ya ajabu: ati tunda lile lile tunalotia kwenye chai ya mafua linamuunguza mtu kama maji ya moto, na si siku hiyo, baada ya siku mbili. Hata mimi ningecheka.

Basi nikaamua kujichoma.

Nilikata ndimu, nikajipaka kiganja na vidole mpaka vikadondosha, nikajishika shavu la mguu wa kulia kwa nguvu, nikahesabu polepole, nikaachia. Mguu wa kushoto nikafanya vivyo hivyo, lakini huo nikaufunga kitambaa kizito. Kisha nikapandisha sketi na kwenda kukaa katikati ya nyavu, juani, huku wanawake wenzangu wakiuliza kama nimepata wazimu.

"Nyar Kuria, leo unaanika nini?"

"Najianika mimi," nikasema. "Mkipata mnunuzi mniambie."

Walicheka. Mimi nilikuwa nalia ndani kwa ndani. Kusubiri nisichokijua kama kitakuja, nikiomba kije, nikiomba ngozi yangu iungue, ilikuwa sala ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuomba. Kila asubuhi niliangalia mguu kabla ya kuangalia mtoto. Wakati huo, mgongoni mwa mtoto, malengelenge yalikuwa yamenywea na wekundu ulikuwa unageuka kahawia, mkono ukizidi kuonekana wazi kuliko mwanzo.

Asubuhi aliyokuwa anakuja yule mama, niliamka mguu unaniwaka. Wa kulia. Nikaufunua mbele ya mlango penye mwanga. Vidole vyangu vinne vilikuwa pale, vyekundu, vimevimba. Mguu wa kushoto, chini ya kitambaa, ulikuwa safi kama uso wa mtoto. Nilimwita mume wangu. Nilimwonesha miguu yote miwili. Alichuchumaa akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili, kisha akakaa chini kabisa akajifunika uso kwa ile mikono yake.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Mimi pia nilidhani ni wewe."

Hatukusameheana kwa maneno. Alininyanyua tu, tukasimama hivyo.

Kisha nikaenda kumvalisha mtoto. Nilimfunga leso kifuani na kumwacha mgongo wazi, kwa sababu nguo ilimkera. Nilipomgeuza nikaona tena ule mkono wa kahawia, na safari hii nilikuwa na wangu mguuni wa kuulinganisha. Nikaangalia wangu. Nikaangalia wake. Wangu ulikuwa na vidole virefu vinne, vyote vizima. Wa mgongoni, kidole cha tatu kilikuwa kifupi. Kiliishia katikati. Siku zote hizo nilidhani kidole hicho hakikugusa vizuri.

Nilijua basi ni mkono wa nani. Nilijua wakati ambapo pikipiki ilikuwa tayari inazima nje. Yule mama alishuka akiwa na begi tupu la kutilia nguo, na naibu wa chifu, mzee wa makamo mwenye kofia, akamfuata nyuma. Mume wangu alitoka kwa mlango wa nyuma kama desturi inavyotaka, akakaa nje chini ya dirisha ambako angeweza kusikia bila kuonekana. Nikabaki peke yangu na kitu hicho kinywani.

Ningeweza kukitema mara moja. Mtu anapokuja kukunyang'anya mtoto, na wewe una jibu ambalo litamkata maini, ni nini kinakuzuia? Mimi si mpole. Lakini nilimwangalia akikaa kwenye kiti, ameshikilia lile begi mapajani kwa mikono miwili, na nikaona kwamba hakulala usiku huo wala uliotangulia. Alikuwa amezika binti. Mtoto huyu ndiye aliyebaki. Kumwambia mbele ya mkubwa wa serikali, na mkwe wake akisikia dirishani, kwamba aliyemuunguza ni yeye aliyekuja kumkagua asije akaunguzwa! Nikaamua nitasema ndimu, na mkono niuchukue mimi.

"Mama," nikaanza, "hakuna aliyempiga. Ni ndimu. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, inaungua. Haiungui siku hiyo, inakuja baadaye. Tazama." Nikapandisha sketi nikawaonesha mguu wa kulia na wa kushoto, na mstari wa kwenye mkono. Nikaeleza jinsi nilivyofanya.

Naibu wa chifu aliinama akatazama kwa makini. "Eh," alisema. "Hii kitu ni ya kweli? Nitauliza daktari."

"Muulize," nikasema.

Lakini yule mama hakuinama.

"Ati ndimu inachoma mtu," alisema. "Mimi nimetumia ndimu tangu niolewe. Nimepikia watoto, nimeoshea samaki, nimewapaka kwa kichwa wakiwa na mba. Hakuna mtu alichomeka."

"Ulikuwa unasuuza, Mama. Na ulikuwa jikoni, si juani."

"Sawa. Hata kama ni hiyo ndimu yako. Ni mkono ya nani ilimshika?"

Nikashusha sketi.

"Ni wangu," nikasema.

"Umesikia?" akamgeukia naibu wa chifu. "Amesema na mdomo yake. Mimi siendi korti. Mimi nataka nyakwara wangu, mjukuu wangu. Mtoto atakuwa na mimi mpaka akuwe mkubwa, anaweza kujitetea."

"Mama, alikuwa hajui," naibu wa chifu alijaribu.

"Mama yake angejua," alisema.

Hapo ndipo hasira zikapanda mpaka kwenye meno. Zote. Nilisimama. Neno lilikuwa tayari, lina kidole kifupi ndani yake, na ninaamini ningelisema. Lakini yeye pia alikuwa amesimama, na hakuwa akinitazama. Alimwendea mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni, akainama na kumnyanyua kama anavyomnyanyua siku zote, mkono wa kulia chini ya matako, mkono wa kushoto umezunguka mgongo kumkaza kifuani. Akageuka kwenda nje kwenye mwanga.

"Mama, simama hapo," naibu wa chifu alisema.

"Nimeshasema—"

"Simama. Usitoe mkono."

Alisimama. Mtoto alikuwa amelaza kichwa begani kwake, mgongo wake umetuelekea sisi. Mkono wa bibi ulikuwa juu ya ule mkono wa kahawia na ulikuwa umeufunika wote, hakuna palipozidi na hakuna palipopungua. Kidole gumba kilikuwa kwapani. Kile kidole kilichokatwa kiliishia pale pale doa lilipoishia, na ngozi baada yake ilikuwa safi.

Naibu wa chifu alivua kofia. Alinitazama mimi, na nadhani aliona usoni kwangu kwamba nilikuwa najua.

Yule mama alisubiri aambiwe kuna nini. Akaona macho yetu yalipo, akapinda shingo kutazama mkono wake mwenyewe, akauinua kidogo, akaona kilichokuwa chini yake. Akaurudisha. Akauinua tena.

"Ulinipa nusu," aliniambia polepole. "Ukasema nisisuuze."

"Ndiyo, Mama. Nilisema mimi."

"Nilimtoa kwa maji."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nimejua leo asubuhi."

Alimshusha mtoto taratibu mno, kama anaweka yai. Alinusa kiganja. Kisha akaenda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni ya mlango, akachota maji, akachukua sabuni ya kufulia, akaanza kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Akamwaga, akachota mengine, akanawa tena. Naibu wa chifu alitoka nje bila kuaga, nikasikia akizungumza kwa sauti ya chini na mume wangu dirishani.

Daktari alithibitisha baadaye yote, akaongeza kwamba kiganja kina ngozi nene ndiyo maana bibi mwenyewe hakuungua, na kwamba alama itakaa miezi kabla ya kuisha. Sijaacha ndimu. Bado inaondoa harufu ya omena kuliko kitu kingine chochote, na bado inakausha chunusi. Ila naipaka jua likishazama, nasuuza kwa sabuni, na mtoto simgusi mpaka nimalize. Wanawake wa ufuoni bado wananicheka, lakini sasa nao wanasuuza mara mbili.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, yule mama alipomaliza kunawa, aliona dawa nyeupe juu ya meza. Ulikuwa wakati wa kumpaka mtoto. Akaichukua, akafungua kifuniko, akakaa na kumvuta mtoto katikati ya magoti yake, mgongo mbele. Kidole chake kilikwenda mpaka karibu na ngozi kikasimama.

Akaninyooshea dawa.

"Mpake wewe," alisema. "Mimi naogopa hii mkono."

Nilipiga magoti nikampaka, kidole kimoja kimoja, mpaka kile kifupi. Mtoto alilalamika kwamba ni baridi, akaniita Mama. Yule mama alisikia. Alikuwa ameikunja mikono yake ndani ya leso, ameikalia, na hakuitoa mpaka pikipiki ilipokuja kumchukua. Begi aliliacha kwetu.